Mwanamke Aliyelala Kwenye Jalada

Jumamosi, 4 Mei

Mtu wa kampuni ya muziki amekuja nyumbani leo. Kijana wa viatu vyeupe, kila anachoambiwa anajibu "poa". Mama alimweleza kwamba bomba la chooni limekufa, atumie ndoo. Poa. Kwamba kiti alichokalia kina mguu mbovu. Poa. Hata hajamaliza chai tayari tumeshampa jina: Bwana Poa.

Wanataka kuitoa upya ile santuri ya roki yenye mwanamke aliyelala. Sauti wanayo, imeshasafishwa. Picha ndiyo hawana. Mchoro wa asili ulipotea kampuni ya zamani ilipofungwa, na majalada yote waliyoyapata yako kama letu: sahani iliyo ndani imeisukuma karatasi miaka na miaka mpaka ikatoa alama ya duara kwa nje, nyeupe, kama alama inayoachwa na glasi mezani. Duara linapita juu ya uso. Pua imekwenda. Jicho moja limekwenda.

Mwanamke huyo ni mama yangu, kabla hajawa mama wa mtu. Amelaza kichwa mezani juu ya mikono yake, nywele zinamwagika kutoka mezani, zinageuka barabara, barabara inapinda hadi upande wa nyuma wa jalada, na juu yake watu wanne wadogo kama sisimizi wamebeba spika. Baba alimchora mama huyo akiwa msichana wa umri nilio nao mimi sasa. Utotoni nilidhani kila mtoto ana mama aliyechapwa kwenye jalada.

Bwana Poa alisema uso unaweza kutengenezwa kwa kompyuta, siku hizi kila kitu kinawezekana. Baba akaweka kikombe chini. Akasema ataichora upya, yote, kwa mkono.

Mama akacheka. Akasema sawa, lakini safari hii apewe mto.

Bwana Poa alifurahi mpaka akasimama. Mchoraji yuleyule, mwanamke yuleyule — hiyo habari tu inauza santuri, alisema.

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia kikombe cha baba. Alikiweka nusu juu ya sahani, nusu nje.


Jumapili, 5 Mei

Niandike basi, maana pa kusemea sina.

Macho ya baba. Mwezi wa pili nilimpeleka kwa daktari. Mama tulimwambia tunakwenda kununua rangi. Daktari alieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto: pembeni ataendelea kuona, katikati panakufa. Ataona mlango, hataona kitasa anachokitafuta. Atajua kuna mtu mbele yake, hatajua ni nani mpaka mtu huyo afungue mdomo. Miwani haisaidii. Dawa ya kurudisha kilichokwisha kwenda hakuna.

Tulipofika kona ya nyumbani baba alisimama. Hapo akasema: mama yako asijue.

Sikuuliza kwa nini. Ninajua. Mama alimuuguza bibi, mama yake mzazi, aliyepofuka. Alimlisha, alimwogesha, alimwongoza kwenda chooni usiku na mchana, mpaka mgongo wake mwenyewe ukapinda. Tuliporudi kutoka kuzika, alikaa kitandani na viatu miguuni akasema, Mungu anisamehe, kazi hii sitaiweza tena. Baba alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa mama mkononi. Nadhani mama hata hakumbuki kama alisema. Baba hajasahau.

Kwa hiyo mama anaamini baba ni mbishi tu wa miwani. Anamwita Mzee wa Fasheni. Na mimi hucheka pamoja naye. Kila mara nacheka.


Jumatano, 8 Mei

Kazini: maboksi ya biskuti. Siku nzima nasogeza biskuti moja kwenye skrini, kushoto, kulia, ionekane inaanguka kwa furaha. Hii ndiyo kazi niliyosomea.

Kumbe shule yangu ya kwanza ilikuwa stoo ya baba. Ukuta mzima wa santuri za roki. Sikuruhusiwa kuzigusa kabla ya kunawa na kukausha mikono. Alikuwa ananionyesha jalada, halafu ananiuliza: jicho lako limeanzia wapi? Halikuwa swali la mchezo. Alisema dukani watu husimama mbele ya sanduku na kupekua santuri kwa vidole, wanaona ukanda wa juu tu, kwa hiyo ukanda wa juu uwe wa jina la bendi, na chini yake ndipo uweke kitu kitakachoshika vidole visiendelee. Jalada zuri linasimamisha vidole. Ndivyo alivyosema.

Baadaye zikaja kaseti, zikaja sidii. Jalada likawa dogo kama kiganja, na sasa ni kama stempu kwenye simu. Baba aliweka brashi chini, akaanza kuandika mabango ya maduka. Hakulalamika. Ila ukimwonyesha picha kwenye simu anasema, sioni kitu hapa — na miaka yote hiyo tulidhani ni utani.


Jumamosi, 11 Mei

Nimepata njia! Daktari aliigusia, sikuitilia maanani. Asitazame kitu chenyewe. Atazame pembeni yake kidogo, ile sehemu ya jicho iliyo hai ikiokote.

Mama alikuwa sokoni. Tukajifungia stoo. Nashika jalada, baba anatazama swichi ya taa ukutani, kisha anataja. Friji inayowaka moto katikati ya theluji — akaijua. Farasi mwenye nyuzi za gitaa badala ya mkia — akamjua. Jalada lenye mlango mtupu kwenye jangwa, hilo alilikosa, akasema ni jino. Tulicheka sana. Akataka mengine. Uso wake ulikuwa umefunguka, sijamwona hivyo tangu mwezi wa pili.

"Mwanangu," alisema, "nitamwona mama yako tena."


Jumapili, 12 Mei

Siku ya kwanza ya kuchora. Meza ileile imeingizwa stoo, mama amejifunika mtandio wa kijani, kichwa juu ya mikono, uso upande wa baba, macho yamefungwa. Dirisha liko nyuma yake. Sheria ni ileile ya zamani: anayechorwa haongei. Mdomo ukisogea, uso wote unahama, anasema baba. Yeye mwenyewe huongea mfululizo.

Niliwaacha. Nilijiona mtu mwenye akili.

Jioni mama alinikuta jikoni, akaanza kukatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Akasema, baba yako ananichora huku anaangalia dirisha.

Nikasema labda anatafuta mwanga.

"Nilifumbua jicho moja. Yuko dirishani. Nikafunga, nikafumbua tena. Bado yuko dirishani. Kuna nini huko kizuri kuliko mimi? Tangi la maji la jirani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akasema zamani baba alimtazama mpaka yeye akaona haya. Hakuwa amelala siku ile, alisema. Alifunga macho kwa sababu hakuweza kuvumilia kutazamwa namna ile, na baba akapenda, akasema baki hivyohivyo.

Kisu kikaendelea. Akasema, sasa nimezeeka na yeye ndiye anayeona haya.

Ningeweza kusema. Neno lilikuwa hapa, nyuma ya meno. Anakutazama, mama. Ile ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kukutazama. Lakini ahadi. Nikaosha kisu.


Jumanne, 14 Mei

Nimemwambia baba ajaribu kugeuka geuka kidogo, mama asione kama yuko dirishani muda wote. Akasema akimgeukia anapotea. "Nikimtazama hayupo. Nikimwacha anarudi." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, anaosha brashi.


Jumamosi, 18 Mei

Sijui niiandikeje. Kwa mpangilio.

Nilirudi kutoka kazini mchana, leo ni nusu siku. Nje, mama anaanika nguo. Nikashangaa, maana saa ile alipaswa kuwa mezani. Nikapita kuelekea stoo na nikasikia baba anaongea. Anamsimulia mama habari za mpiga ngoma wa bendi ile, jinsi alivyoona jalada mara ya kwanza akauliza kwa nini yeye ni sisimizi, na baba akamjibu kwamba umbali ndio sanaa.

Mlango ulikuwa wazi. Mama ameondoka. Ameacha mtandio wake umelala mezani, umeviringika, na mwanga wa dirisha unatoka nyuma yake. Baba amesimama mbele ya ubao wake, uso umegeukia dirisha, mkono unachora. Anauchora mtandio. Anacheka na mtandio.

Nilirudi nje. Mama hakugeuka. Alisema huku kibanio kiko mdomoni: amekuambia? Nikauliza aniambie nini. Akasema, nimeinuka mbele yake, akiwa anakoroga rangi, nikaondoka zangu, na hajaniita. "Kumbe hata nikiondoka ni sawa tu."

Nikasema, mama, rudi. Akasema nguo hazijajianika zenyewe.

Sasa hapa. Nilichofikiria — sikufikiria. Niliona tu kwamba muda wowote baba atanyoosha mkono kumsogeza mama kidevu, kama anavyofanya, na atashika kitambaa. Atajua alikuwa anaongea na kitambaa. Hilo sikuweza. Nilirudi mlangoni; baba alikuwa ameinama kwenye ndoo kusuuza brashi, maji yanapiga kelele. Nikaingia, nikakaa, nikajifunika mtandio, nikalaza kichwa juu ya mikono. Nikafunga macho.

Nilikusudia dakika chache tu, mpaka apumzike kunywa maji. Anayechorwa haongei. Nani angejua.

Brashi ikaanza tena. Kisha ikasimama.

Akasema, naona umekasirika. Kimya chako cha leo si cha jana.

Kisha akasema yote. Daktari. Mwezi wa pili. Kwamba uso wake, wa mama, ndio wa kwanza kumpotea, kwa sababu ndio alikuwa anautazama zaidi — najua kwa kitabibu si kweli, lakini ndivyo alivyosema. Kwamba anatazama dirisha ili amwone. Kwamba alimsikia siku ile ya mazishi, na hamlaumu. "Sitaki uniongoze mkono kama ulivyomwongoza mama yako. Nitajifunza nyumba. Nitahesabu milango. Nikikushinda, nipeleke kwa dada yangu, sitanuna. Ila nilitaka ujue kabla picha haijaisha, isije ikawa nilikuchora nikiwa nakudanganya."

Mtandio ulikuwa na harufu ya sabuni ya mama. Nilikuwa napumua ndani yake.

Akasema: "Huna haja ya kujibu. Kama utakaa na mimi hivi nilivyo, usifumbue macho."

Sikufumbua.

Nini kingine? Kufumbua ilikuwa kumwambia hapana, kwa niaba ya mama. Kutofumbua ilikuwa kumwambia ndiyo, kwa niaba ya mama. Kusema "ni mimi" ilikuwa — sikupata sauti. Nikabaki nimelala kama jalada.

Alijifuta uso kwa mkono wenye rangi. Akachora vizuri sana baada ya hapo, haraka, anapiga mluzi. Alipotoka kunywa maji niliinuka, nikauacha mtandio pale.


Jumapili, 19 Mei

Baba ana furaha. Hiyo ndiyo adhabu.

Hafichi tena. Anadhani hana wa kumficha. Chakula cha mchana alinyoosha mkono hewani akauliza chumvi iko wapi. Ilikuwa mbele yake. Mama akasema, iko chini ya pua yako, mzee, au na yenyewe umeiona dirishani?

Baba akacheka mpaka akakohoa. Alidhani ni utani wa mtu anayejua. Akasema, hapo umenipata, mke wangu, hapo umenipata. Akamtafuta mkono mezani akaushika. Mama aliutazama mkono wake umeshikwa kana kwamba si wake.

Nilimfuata mama jikoni. Nikaanza: mama, kuhusu baba. Akanikata. Akasema, usinipatanishe na mume wangu, wewe ni mtoto. Nikasema si kupatanisha. Akasema, basi ni nini? Baba alikuwa mlangoni, anatutabasamia wote wawili, yaani anautabasamia ukuta uliokuwa kati yetu. Nikasema, si kitu.


Jumanne, 21 Mei

Nimeuona mchoro. Baba hafunui kazi kabla haijaisha, lakini alitoka, nikainua kitambaa.

Nywele — sijui amezipataje. Zile za zamani zilikuwa nzuri, hizi zinatembea. Barabara, sisimizi wake wanne, spika yenye kamba, kingo za meza, mikunjo ya mtandio: kila kilicho pembeni kimetoka kwa namna ambayo skrini yangu haitanipa maisha yangu yote. Na katikati, uso umeyeyuka. Mdomo umeteleza kuelekea shingoni. Pua ni kivuli. Jicho moja lililofungwa limerudiwa mara mbili, kama mtu aliyejaribu kuandika jina gizani.

Aliponikuta aliuliza, uso umetoka?

Nikasema umetoka.

Akaguna kwa kuridhika. Akasema ule wa kwanza alichora msichana aliyempenda, huu amechora mke anayemjua, na sasa na yeye anajulikana.


Alhamisi, 23 Mei

Kazini nimefungua lile jalada letu kuukuu kwenye skrini. Nimekata uso wa mama wa zamani, nimejaza duara jeupe kwa mkono, nukta kwa nukta, nikakumbuka pua yake kutoka kwenye pua yenyewe. Ningeweza kuupachika juu ya mchoro mpya kabla haujachapwa. Baba hataona. Bwana Poa atasema poa. Mama atapata uso wake.

Niliutazama. Msichana mzuri wa miaka ya nyuma, amefunga macho kwa sababu anatazamwa.

Nimeufuta. Kisha nikasikitika kuufuta, nikaanza upya, ukatoka mbaya. Msimamizi akapita nyuma yangu akauliza biskuti zimefikia wapi.


Jumamosi, 25 Mei

Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati la chumbani. Nimetumwa kuleta karatasi ngumu ya kufungia mchoro. Wananisubiri.

Bwana Poa amekuja. Baba alitufanya tusimame mstari mmoja, akavuta kitambaa. Kisha Bwana Poa akasema huu uso, mzee, huu uso ni wa kisasa kabisa, umewazidi vijana wote, ulikuwa na wazo gani?

"Nimechora ninavyomwona," baba alisema.

Niliona jambo hilo likimwingia mama. Mgongo wake ulinyooka. Nilidhani ataondoka. Badala yake alisogea karibu na mchoro, karibu sana, kama anayenusa rangi, na kidole chake kikasimama kando ya sikio. Sikio liko pembeni, limetoka vizuri. Lina vitone viwili vya mwanga, kimoja juu ya kingine.

Mama akajishika sikio lake. Tundu moja.

"Mbona nimevaa hereni mbili?"

Baba akasema si alikuwa amezivaa siku ile, zilikuwa zinang'aa, alizipenda, ndiyo maana akazitia.

"Siku gani?"

"Siku niliyokuambia."

"Uliyoniambia nini?"

Baba akacheka. Akasema mbele ya mgeni jamani. Mama alibaki anasubiri. Basi baba akasema, polepole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo zuri: habari za macho, mama watoto. Kwamba yamekwisha. Ulikuwa umelala pale mezani, nikakuambia yote, nikakuomba usifumbue macho kama utakaa na mimi. Na hukufumbua.

Mama aligeuka akanitazama. Hakutazama uso wangu. Alitazama sikio langu la kushoto, lenye matundu mawili.

Nikasema, karatasi. Nikasema naleta karatasi ya kufungia.

Karatasi iko hapa, nimeikunja pembe moja bila kutaka. Mlango umebaki wazi kidogo, nawaona wote. Bwana Poa anachunguza viatu vyake. Mama hajasogea, amesimama mbele ya baba, angenyoosha mkono angemgusa shati.

"Mama watoto," baba anasema. "Upo?"

Mama hajibu.

Baba anauliza tena. Mara hii amegeukia upande wa rafu za santuri, ambako hakuna mtu, na anatabasamu, anasubiri.